Jinsi ya kujua kama tatizo ni mabeki au washambulizi

Kabla ya kubishana baada ya mechi ya soka katika uwanja wa Bukhungu au Mamboleo, acha kuufuata mpira kwa dakika 10 za kwanza. Keti juu, karibu na mstari wa katikati, uwatazame mabeki wanne pekee. Timu ikipoteza mpira, kadiria umbali kati yao na viungo, yaani wachezaji wa katikati. Ukizidi mita 15 hivi, mpinzani atapokea pasi hapo katikati na kugeuka bila kuguswa, kisha bao likiingia abebeshwe lawama beki wa kati. Huko ni kumwonea! Mara nyingi kosa lilianza mbele: mshambulizi hakumbana beki mpinzani mwenye mpira, naye akapata muda wa kuinua kichwa na kupiga pasi ndefu.

Mwangalie pia beki wa pembeni. Akibaki hatua mbili nyuma ya wenzake, anaharibu mtego wa kuotea, yaani mabeki kupanda pamoja ili mshambulizi aliye nyuma yao awe ameotea, kwa kuwa kinachohesabiwa ni mlinzi wa pili kutoka mwisho, kipa akiwemo.

Kwa ushambulizi, andika kila shuti limepigiwa wapi. Mengi yakitoka nje ya kisanduku, straika hafikishiwi mpira. Yakipigwa ndani na kupaa juu ya goli, hapo mlaumu yeye.