Kutengeneza kundi la ndege mu ordinateri, kanuni ni moja tu

Kama unakaa Goma umeshawaona nyange wa jioni wakipita juu ya ziwa Kivu, kundi lote linakata kona pamoja na hakuna mkubwa wa kutoa amri. Ukitaka kuliiga kwa hesabu anza na modeli ya mwanafizikia Vicsek ya mwaka 1995, maana kanuni yake ni moja: kila chembe, yaani ndege mmoja, iko na mwendo uleule siku zote, inaangalia majirani, inachukua mwelekeo wa wastani wao, halafu inakosea kidogo, kosa hilo tunaliita kelele. Boids, ile programu ya kuiga ndege ya Craig Reynolds ya 1987, ziko na kanuni tatu, zinapendeza kweli kwa macho, lakini ukianza nazo hautajua ni gani njo inafanya kazi.

Chukua boksi la 7 kwa 7, mwaga chembe 300 ovyoovyo, kila moja na pembe yake. Mwendo 0.03 kwa hatua, jirani ni yule aliye ndani ya umbali wa 1, na chembe yenyewe ihesabu pia. Ukuta hakuna, anayetokea kulia anaingia kushoto, na umbali nao upime hivyohivyo: tofauti ya x ikipita 3.5 toa 7, ikishuka chini ya -3.5 ongeza 7, na y vilevile, hii wengi wanaisahau.

Sasa kwenye pembe njo utulie kabisa ndugu yangu. Usijumlishe pembe ukagawa! Chembe moja iko na digrii 350, ingine 10, zote zinaelekea karibu mashariki, wastani wa kawaida unakupa 180, yaani zinageuka magharibi. Mimi nilimaliza usiku mbili na betri yote ya laptop nikifikiri kelele ndiyo imezidi. Jumlisha sini zote, jumlisha kosini zote, halafu tumia arctan2 ya numpy (maktaba ya hesabu ya Python) kupata pembe ya wastani. Na pembe mpya ziweke pembeni kwanza, ubadilishe zote mara moja, la sivyo wa kwanza kwenye orodha anawavuta wengine.

Kelele ni namba ya bahati kati ya -K/2 na K/2, kwa radiani, unaiongeza kwenye pembe ya wastani; K unaichagua mwenyewe.

Kupima kama wanaenda pamoja, jumlisha vekta zote za mwendo, urefu wake ugawe kwa 300 × 0.03. Karibu na 1, wote wako njia moja. Ukipandisha K mpaka 2π itachezacheza kwenye 0.05 hivi, sifuri kamili hautaiona maana 300 ni wachache. Hatua za mwanzo zitupe, ngoja kipimo kitulie kwanza.

Ukichora kipimo na K utaona kinashuka polepole, lakini usitangaze kitu bado, wanafizikia Grégoire na Chaté walionyesha 2004 kwamba kwenye mfumo mkubwa kinaanguka ghafla. Panua boksi bila kubadilisha msongamano, 14 kwa 14 ni chembe 1200, na hapo ligawe kwa vyumba vya 1 kwa 1 ili kila chembe itafute majirani kwenye vyumba 9 tu, chake na vile 8 vinavyokizunguka, bila hivyo mashini itakwama.