Kuchagua betri na paneli za sola kwa mashua ndogo ya tanga

Kabla ya kufikiria paneli, andika kila chombo kinachotumia umeme mashuani, ampea kinazovuta na saa kinazowashwa kwa siku. Ukizidisha namba hizo mbili unapata ampea-saa, na jumla yake ndiyo itakayoamua mengine yote. Katika mfumo wa volti 12, taa ya nanga ya LED yenye wati 2 hutumia ampea-saa 2 kwa usiku wa saa 12, ilhali balbu ya kizamani ya wati 10 hutumia 10. Mlafi ni friji: kompresa inayovuta ampea 4 na kuzunguka nusu ya siku humaliza ampea-saa 48. Anayeweza kusafiri bila friji amejipunguzia sehemu kubwa ya gharama.

Betri ya risasi na asidi haifai kushushwa mara kwa mara chini ya nusu, kwa hiyo ile iliyoandikwa ampea-saa 100 ihesabu kuwa 50. Tena ikikaa siku nyingi bila kujaa, bamba zake hushika sulfeti na uwezo hupotea. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 hukupa takribani 80 kati ya 100, na uzito wake ni kama nusu, jambo linaloonekana katika mashua ndogo. Hata hivyo haivumilii kuchajiwa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, na huweza kuunguza alteneta ya injini, yaani mtambo wake wa kuzalisha umeme, kwa kuvuta ampea nyingi bila kupumzika. Usiipime kwa volti pia, kwani hubaki karibu palepale mpaka inapokaribia kuisha. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Paneli ya wati 100 iliyolazwa, jua likiwa zuri, hutoa takribani ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Adui yake ni kivuli. Seli zimeungwa kwa mfululizo, hivyo kivuli chembamba cha mlingoti au hata cha kamba kikikatiza seli chache hushusha umeme wa paneli nzima. Ndiyo maana napendelea paneli mbili ndogo, kila moja na kidhibiti chaji chake cha MPPT (aina inayotafuta volti ambayo paneli hutoa nguvu nyingi zaidi), zikae juu ya fremu upande wa tezi, yaani nyuma ya mashua, kuliko moja kubwa katikati ya sitaha. Paneli laini za kubandika hufuata umbo la mashua, lakini hukosa hewa chini yake, hupata joto na kwa kawaida hazidumu kama zile ngumu.

Usibane fedha kwenye waya. Waya wa milimita 2.5 za mraba, wenye urefu wa mita 10 kwenda na kurudi, hupoteza karibu volti 0.7 ukipitisha ampea 10. Wa milimita 6 hupoteza chini ya 0.3. Chagua shaba iliyopakwa bati, kwa sababu chumvi huila shaba tupu hadi ndani ya ganda, na fyuzi ikae karibu kabisa na ncha chanya ya betri.