Mambo ya kumaliza kabla mwanafunzi mwenye ulemavu hajaripoti chuo

Matokeo ya KCSE, ule mtihani wa mwisho wa sekondari, yametoka, KUCCPS, wale wanaogawa nafasi za vyuo, wamempa kozi, familia imeshangilia, sawa. Kabla hamjakimbilia Gikomba kutafuta sanduku na blanketi, kaeni chini kwanza. Naandikia wazazi na makomredi wapya, yaani wanafunzi wa chuo, wenye ulemavu, hasa wale wanaotoka nyumba ambazo pesa ni ya kutafuta kila siku, kwa sababu nimeona vijana wenye akili sana wakiumia Nairobi hii kwa vitu vya kumalizwa mapema.

Kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Kama hana, anza leo. Lazima apimwe hospitali ya serikali iliyopewa hiyo kazi, ripoti ijazwe, isainiwe, ndio asajiliwe, na hapo katikati daktari mmoja anaweza kuwa likizo ukarudishwa nyumbani. Ukitaka basari ya Baraza ama uombe kiti cha magurudumu, fimbo nyeupe, kifaa cha kusikia, kitu cha kwanza wataangalia ni usajili.

HELB, mkopo wa serikali wa wanafunzi wa chuo, unaomba mtandaoni na unaomba upya kila mwaka, usidhani ukipata mwaka wa kwanza umemaliza. Pesa ikichelewa tumbo halichelewi, kwa hivyo tenga chakula na nauli ya miezi miwili ya kwanza hata kama ni kwa kuchangisha. Fomu za basari za CDF, ule mfuko wa eneo bunge, na za kaunti chukua mapema, barua ya chifu pia.

Chumba usilipie kwa picha. Nenda ukaone. Kama anatumia kiti, beba futi upime mlango wa choo, keateka, yule mtunza nyumba, akikuambia "itaingia tu" wewe pima. Keja za bei nafuu kule Githurai na Kahawa Wendani nyingi ni ghorofa juu ya ghorofa bila lifti. Kampasi za taoni nazo, uliza darasa liko floo ya ngapi na stima ikipotea lifti inakuwaje, maana kubebwa mgongoni na wanafunzi wenzako kila Jumatatu sio mpango.

Kiziwi aulize habari ya mkalimani wa lugha ya ishara kabla muhula kuanza, wakalimani ni wachache na wanagombaniwa.

Sasa hii ya mtihani naomba usome polepole.

Mpwa wangu ana ualbino. Watu wanafikiria ualbino ni ngozi tu, mpe mafuta ya jua na kofia pana basi, lakini ni macho pia, na miwani haimalizi hiyo shida. Darasani anakaa mbele, mbali na dirisha kwa sababu mwangaza unamuumiza, na ubao anaupiga picha na simu halafu anaivuta mpaka herufi zionekane. Wahadhiri wake walikuwa watu wazuri kabisa, mmoja alimtumia noti kwa WhatsApp kabla ya kipindi, mwingine akamchapia CAT, ile mitihani midogo ya katikati ya muhula, kwa herufi kubwa bila hata kuombwa. Muhula mzima kijana hakulalamika.

Mtihani wa mwisho ukafika. Msimamizi siku hiyo katoka idara nyingine, hamjui. Simu zinaachwa mlangoni, na simu ndiyo macho yake. Karatasi aliyopewa ni ya kawaida, herufi ndogo, imechapwa pande zote mbili, wino umefifia. Akainua mkono akaeleza. Msimamizi akapigia ofisi ya mitihani, wakaangalia orodha, jina lake halipo kwa wa herufi kubwa wala kwa wa muda wa ziada. Hakuna aliyemkaripia, wote walimwonea huruma, na wote wakasema hawana ruhusa ya kubadilisha kitu. Akaisoma akiwa ameibandika karibu na pua, kwenye jedwali la swali la kwanza akasoma 3 badala ya 8 na hesabu yote ikaharibika, masaa mawili yakaisha hajafika nusu. Sapu, yaani akaanguka na lazima arudie mtihani. Yuniti aliyokuwa anaifundisha wenzake hosteli.

Kinachonasa familia nyingi ni kwamba KCSE alifanya karatasi ya herufi kubwa na kila kitu kikaenda sawa. Ndiyo, lakini ile karatasi shule yake iliiomba mapema kwa KNEC, baraza la mitihani. Chuo hakikuletewa hayo maneno na mtu yeyote, unaanza upya. Na wema wa mhadhiri unaishia kwa mlango wa darasa lake.

Kwa hivyo barua iandikwe wiki ya kwanza. Iende kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi, kopi kwa mkuu wa idara, kopi kwa ofisi ya mitihani. Ambatisha kadi na ripoti ya daktari. Usiandike "naomba nisaidiwe", andika unachotaka: herufi saizi 18, upande mmoja wa karatasi, muda wa ziada, ruhusa ya kutumia kioo cha kukuza, meza isiyoangalia dirisha. Taja ibara ya 54 ya Katiba ya 2010, inayompa haki ya kupata vifaa vya kumsaidia, na taja sheria ya watu wenye ulemavu ya 2025. Kopi yako igongwe stampu na tarehe mbele yako. Wiki mbili kabla ya mtihani rudi uone jina kwenye orodha kwa macho yako mwenyewe, au ya rafiki. Muhula ujao rudia, kwa sababu karani anaweza kuwa amehamishwa.

Mengine ni ya kuwa macho tu. Broka akikuambia kadi itatoka haraka ukimtumia kitu kidogo kwa M-Pesa, kata simu. Paswadi ya HELB isibaki saiba. Kipofu asiuziwe programu ya kusoma skrini kabla hajajaribu NVDA, ni ya bure. Vyeti skani, jitumie kwa imeli, kopi zingine ziache nyumbani kwa mama. Namba ya mtu mmoja wa karibu ibaki kwa keateka. Na chaja ya kifaa cha kusikia andika jina, hosteli vitu hutembea.