Saa ya Paris Inapochelewa Nairobi

Saa ya mezani ya shaba nyeusi iliyopakwa dhahabu, ya enzi za Pierre-Philippe Thomire (1751–1843), fundi wa shaba wa Paris, ikiletwa Nairobi kutoka Paris huchelewa zaidi ya dakika mbili kwa siku hata ikiwa nzima kabisa. Usiharakishe kuifungua. Tuko karibu na ikweta na juu ya bahari kwa takriban mita 1,700, hivyo mvutano wa dunia ni hafifu kidogo na pendulamu (uzito unaobembea na kuongoza mwendo wa saa) hubembea polepole. Mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alikutana na jambo hilo Cayenne, Guiana ya Ufaransa, mwaka 1672: saa yake ilichelewa dakika mbili na nusu kwa siku.

Dawa ni kufupisha pendulamu. Ya sentimita 15 huhitaji nusu milimita tu.

Kwanza sikiliza mdundo. Weka saa kwenye meza isiyotikisika, ning'iniza pendulamu (hutolewa kila saa inapobebwa, la sivyo kinachoishikilia hukatika), isukume kidogo. Tiki na taka ziachane sawasawa. Ukisikia "tiki-taka… tiki-taka", saa inachechemea na itasimama. Pinda kidogo sana ule uma unaoshika pendulamu. Mdundo ukizidi kuharibika, urudishe upande wa pili.

Sasa tazama juu ya 12. Kitundu kidogo chenye ncha ya mraba ndani ni mtambo wa Brocot, unaofupisha au kurefusha pendulamu: zungusha kwa upande mwembamba wa ufunguo kuelekea herufi A (avance, yaani kwenda mbele) ikiwa imeandikwa, robo mzunguko kwa mara. Ngoja saa 24, linganisha na simu, rudia. Saa za zamani zaidi huning'iniza pendulamu kwa uzi wa hariri, nao hukazwa kwa kuzungusha kishikio kidogo nyuma ya mashine.

Kuhusu dhahabu, tahadhari kubwa. Iliyeyushwa kwenye zebaki, ikapakwa, zebaki ikachomwa. Kilichobaki ni ngozi nyembamba mno. Dawa ya kung'arishia shaba huisugua ikaisha, na ndimu au siki zisikaribie. Kuisafisha, toa pendulamu, legeza skrubu mbili za nyuma huku mkono mwingine umeshika uso wa saa, maana huanguka mbele. Mashine ikitoka, pitisha juu ya dhahabu brashi laini yenye maji yaliyotiwa tone la sabuni, kausha papo hapo. Mahali palipochubuka pakionekana pa kijivu, chini yake ni zinki: tumia brashi kavu tu.