Somo: Jinsi ya kupima majani yanavyooza porini, kiangazi na masika

Wadau, wengi wanaamini joto ndo linaozesha majani. Sasa huku Tabora Oktoba ndo jua kali kuliko miezi yote na bado majani ya miombo yanabaki makavu, ukikanyaga yanalia, halafu mvua ya Novemba ikishuka siku chache tu yanalainika, yanaota ukungu mweupe, jongoo kila kona. Huku maji ndo yanaanzisha kazi, joto linaongeza spidi. Pima mwenyewe uone.

1. Agosti au Septemba okota majani yaliyodondoka, mti mmoja tu, mfano mninga, usichanganye. Anika kivulini yakauke kabisa.

2. Shona vifuko, nusu kwa wavu wa dirisha, nusu kwa wavu wa magunia ya vitunguu. Chandarua chenye dawa msitumie jamani, kinaua wadudu haohao tunaotaka wafanye kazi! Kila kifuko gramu 10, namba igonge kwenye kipande cha bati.

3. Vilaze viguse udongo, fukia na majani, bana na waya. Fyeka pembeni, moto wa kiangazi ukipita hesabu imekufa.

4. Kila mwisho wa mwezi toa viwili kila aina, pangusa udongo taratibu kwa brashi, anika tena, pima. Andika na joto la udongo, saa ileile kila mara.

MASWALI

Mkuu, kwa nini nyavu mbili?
Wa dirisha matundu madogo, mchwa wengi hawapiti, wanaobaki kuozesha ni hasa ukungu na bakteria. Wa vitunguu mchwa anaingia, na yeye hasubiri mvua, anakuja na tope lake anajenga vijia anakula hata Septemba. Kwa hiyo kiangazi kifuko cha vitunguu kikipungua na cha dirisha kiko vilevile, jua ni mchwa. Ila angalia vipande visidondoke ukibeba.

Dada, mimi niko Kigoma, mlimani kuna baridi kidogo, itakuwa sawa?
Hapana, itachelewa. Unyevu ukiwepo, joto likipanda nyuzi 10 kasi inakaribia mara mbili. Weka vingine bondeni, vingine juu, ulinganishe. Misitu ya nchi za baridi kali majani yanarundikana miaka kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo mvua ikizidi ndo vizuri zaidi?
Mpaka kiwango. Kule mbugani maji yakituama hewa inakosekana kwenye udongo, kuoza kunapungua, kwa hiyo vifuko weka sehemu isiyotuamisha maji.