Jinsi ya kubaini ujuzi unaopungua kwenye daladala zenu na kuomba mafunzo VETA

Barua yetu ya kwanza ilikuwa na sentensi moja: tunaomba mafunzo kwa madereva, makonda na mafundi wetu. Chuo cha VETA (Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi) tulichokiandikia kikauliza, mafunzo ya nini? Hatukuwa na jibu. Chama cha wenye daladala, kiwe cha Arusha au Moshi, kianzie hapa.

1. Andikeni kila anayegusa gari, deiwaka, yaani vibarua wa siku, wakiwemo. Anayeshika usukani Jumapili kwenda Usa River hayumo kwenye daftari lenu, lakini abiria anaowabeba ni wenu. Mbele ya kila jina wekeni daraja la leseni, tarehe inapoisha, na kama amethibitishwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini. Sheria ya mwaka 2019 inaipa mamlaka hiyo kazi ya kusajili wahudumu na kuthibitisha madereva. Asiye na karatasi apelekwe kwanza kushughulikia karatasi. Huyo si lazima awe hajui kazi.

2. Sasa nendeni gereji. Hapa msiharakishe. Chukueni risiti za matengenezo za miezi mitatu mzipange kwa gari. Hiace yetu moja ya Ngaramtoni ilibadilishiwa nozeli mara mbili ndani ya mwezi, na bado ikawa inazima kila ikipanda mlima. Alipokuja fundi mwenye mashine ya kupimia, akakuta waya wa sensa umelegea. Kazi ya dakika kumi! Kumbe tulichokosa ni umeme wa magari, wala si "ufundi" kwa jumla. Risiti za breki nazo zina habari zake: gari linalomaliza pedi haraka kuliko mengine ya ruti ileile, mwangalieni dereva anavyoshuka mlima, kwa gia au kwa kukanyaga breki muda wote.

3. Fundi aliyejifunzia gereji ya uchochoroni miaka kumi haanzi upya. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Mwekeni kwenye orodha ya peke yake.

4. Andikeni barua kwa Mkuu wa Chuo cha VETA kilicho karibu, kwa muhuri wa chama:

YAH: MAOMBI YA MAFUNZO YA MUDA MFUPI YA UMEME WA MAGARI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Tunaomba mafunzo kwa mafundi 6 wanaohudumia Hiace na Coaster, hasa kusoma hitilafu kwa mashine na kufuatilia nyaya. Orodha ya majina na muhtasari wa matengenezo vimeambatishwa.

Barua moja, ujuzi mmoja. Ya madereva iandikwe peke yake. Ombeni muda wa saa tano hadi saa tisa mchana, abiria wanapopungua. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

5. Kabla hamjapeleka ya madereva, kaeni na mabosi muelewane kuhusu hesabu ya siku hiyo, yaani fedha ambazo dereva humpelekea mwenye gari. Dereva anayedaiwa hesabu kamili hatakaa darasani. Atasaini mahudhurio, saa sita utamkuta stendi ya Kilombero, hapa Arusha, anapakia.