Holda ya fyuzi isiyotaka bisibisi: ninavyoifunga kwenye boksi la sola

Bibi mmoja wa Tudor, hapa Mombasa, alinipigia simu Ijumaa, watu wanatoka msikitini. "Fundi mwanangu, kile kisanduku chako cha juu kinanuka kama mtu anachoma kandambili." Nikapanda kwenye paa lake la zege, nikafungua boksi. Holda ya pili kutoka kushoto ilikuwa imevimba ubavu, plastiki nyeupe imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Fyuzi ndani yake nzima kabisa. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu, ikazunguka nusu duara bila hata kuisukuma. Skrubu hiyo niliikaza mimi mwenyewe, kwa mkono huu.

Watu huuliza: mbona fyuzi haikukatika? Kwa sababu fyuzi inajua mkondo tu, haijui ulegevu. Mkondo ulikuwa ule ule wa siku zote, kama ampea 13. Waya ukishikwa vizuri, ukinzani wa pale kwenye tamino (pale waya unapobanwa) ni kitu kama miliomu 5, na joto lake halifiki wati moja. Ulegee, chumvi iingie, ufike miliomu 50, hapo una wati 8 na zaidi ndani ya kitu cha ukubwa wa punje ya kunde, mchana kutwa. Plastiki haiwezi kuvumilia.

Skrubu hulegea hata ikikazwa na fundi mzuri. Nyuzi za shaba hujipanga upya taratibu chini ya mgandamizo, paa linapata moto mchana na kupoa usiku, na skrubu haina akili ya kuzifuata. Springi inazifuata. Ndiyo maana kwa bibi yule nilitoa holda zote za skrubu nikaweka zile za springi, za kuchomeka waya kwa mkono. Hapa chini ni namna nilivyofanya. Kama huna leseni ya EPRA (mamlaka ya nishati ya Kenya) ya daraja linalofaa kazi ya sola, soma upate kumsimamia fundi wako, lakini usipande.

Kazi yenyewe

Paneli 9, mistari mitatu ya paneli tatu tatu, zote zinashuka kwenye boksi moja kabla ya kwenda kwa chaja ya betri. Kila paneli nyuma yake imeandikwa volti 37 bila mzigo na ampea 13.9 ikipigwa shoti. Kwa hiyo kila mstari una volti 111 hivi.

Kwa nini fyuzi? Mistari ikiwa miwili, mmoja ukiharibika, unaweza kurudishiwa mkondo wa mmoja tu, na paneli zake zinauhimili. Ikiwa mitatu, miwili mizima inamlisha mgonjwa mmoja, na hapo ndipo paneli hupata moto wa kweli. Mfumo wa bibi huyu hauna upande wa DC (umeme wa njia moja, kama wa paneli na betri) uliofungwa athi, yaani ardhini, basi fyuzi huwekwa pande zote mbili, chanya na hasi. Jumla holda sita.

Hatua ya 1: Nunua kitu sahihi

Utakuta springi za aina mbili. Ya kwanza ni ya kusukuma: waya mgumu, au waya wa nyuzi uliovishwa feruli (kibomba kidogo cha chuma cha kubania ncha), unauchomeka moja kwa moja nao unashikwa. Ya pili ina kiwiko, mara nyingi cha rangi ya chungwa. Unakiinua, unaingiza waya, unakilaza. Kebo ya sola ni nyuzi nyingi nyembamba, laini kama nywele, na ya kiwiko huzipokea zilivyo. Ya kusukuma inataka feruli, na feruli inataka koleo lake la kubania. Kwa hiyo hili jina la "bila zana" ambalo holda hizi huitwa lichukue kwa hesabu zako: holda haitaki zana, waya bado unaitaka.

Mimi nilichukua ya kiwiko. Ni ghali kidogo, lakini juu ya paa saa sita mchana, jasho linaingia machoni, nataka kitu ambacho nikikiangalia tu najua kimefungwa au hakijafungwa.

Angalia maandishi ubavuni. Holda iwe ya fyuzi za milimita 10 kwa 38, iwe imeandikwa volti za DC zinazozidi za kwako (za sola nyingi huandikwa 1000 V DC), na tundu lake lipokee unene wa kebo yako. Yangu ilikuwa milimita mraba 6.

Fyuzi nayo usiichukue kwa umbo. Kuna duka moja mjini waliniuzia fyuzi sita "za sola". Kufika nyumbani nikavaa miwani: gG, 500 V AC, yaani za umeme wa kawaida wa nyumbani. Umbo lile lile, urefu ule ule, zinaingia kwenye holda bila ubishi. Ile ya sola huandikwa gPV. Mkondo wa AC wa hapa kwetu hupita sifuri mara 100 kwa sekunde, cheche inapata nafasi ya kufa. DC haipumziki, na fyuzi isiyotengenezwa kwa hiyo inaweza kuendelea kuwaka ndani. Nilizirudisha kesho yake, na kugombana tukagombana.

Ukubwa: zidisha ampea za shoti kwa 1.5. Hapa 13.9 mara 1.5 ni 20.85, saizi inayofuata ni 25. Kisha geuza paneli usome kiwango cha juu cha fyuzi inachoruhusu. Hizi ziliandikwa 25. Tumepona. Usipande juu ya namba hiyo hata siku moja.

Hatua ya 2: Ua umeme

Paneli haina swichi ya kuzima jua. Zima kwanza swichi ya DC ya kwenda kwenye chaja ili mkondo usimame, ndipo uachanishe plagi za MC4 (zile za kuunganishia kebo za paneli) kule kwenye paneli, mstari mmoja mmoja. Ukizivuta mkondo ukiwa unapita utaona mwali wa buluu ambao hutausahau.

Pima kwa multimita ikiwa kwenye DC. Ile tesita ya bisibisi yenye kitaa iache mfukoni, kwenye kazi hii haikuambii kweli.

Hatua ya 3: Panga reli

Reli, ukanda wa chuma wa kubebea holda, iwe ya milimita 35; holda zinabofya juu yake kwa kidole. Chanya tatu upande mmoja, hasi tatu upande mwingine, na baina ya holda na holda naacha upenyo. Fyuzi huwa na joto lake la halali, na zikibanana kama abiria wa feri ya Likoni saa kumi na moja jioni, ya katikati ndiyo itaumia. Boksi lenyewe likae kivulini, chini ya paneli au ukuta wa kusini-mashariki uwe umelikinga: kusi ikianza kuvuma, mvua na chumvi huja ubavu.

Hatua ya 4: Menya waya, na hapa usiharakishe

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kwenye skrubu, fundi mzembe angeweza kujificha: akimenya kidogo au kingi, anakaza kwa nguvu na mambo yanaenda. Springi haina huruma hiyo. Inauma mahali pamoja tu, na shaba isipokuwepo mahali hapo, hakuna kitu.

Ubavuni mwa holda pana mchoro mdogo wa waya na namba. Kwa hizi zangu ilikuwa milimita 12. Sikadirii kwa jicho. Niliwahi kukadiria, kwenye kazi nyingine, nikamenya kama 8. Kiwiko kikalala vizuri, kikatoa mlio wake, nikaondoka nimeridhika. Springi ilikuwa imeuma ngozi ya waya, na nyuzi tatu nne tu ndizo zilizogusa chuma. Kipimo kiliniambia umeme unapita, na kweli ulipita, mpaka mzigo ulipoingia.

Sasa nafanya hivi. Nalaza kebo kwenye rula, naweka alama kwa kalamu nyeupe kwenye 12. Namenya kwa koleo la kumenyea, si kwa kisu, maana kisu hukata nyuzi za pembeni na huzioni. Kisha naigeuza kwenye mwanga: nyuzi zote zipo? Zinang'aa? Kebo ya sola huwa imepakwa bati, iwe rangi ya fedha. Ukiona ukoga wa kijani au weusi, kata inchi mbili umenye upya, na ukiona bado, endelea kukata. Kwa bibi yule nilikata karibu urefu wa kiganja kabla sijafika shaba safi. Chumvi hupanda ndani ya kebo kama mafuta ya taa kwenye utambi.

Zisokote kidogo kwa vidole kufuata zinakokwenda zenyewe. Usizimwagie risasi ya kuchomea. Najua wengi tulifundishwa hivyo, lakini risasi ni laini, hukimbia taratibu chini ya mgandamizo, na unarudi kwenye ulegevu ule ule uliokuwa unaukimbia.

Hatua ya 5: Chomeka, laza, vuta

Inua kiwiko mpaka kisimame. Ingiza waya ukiwa umenyooka, usikie umegota mwisho. Alama yako nyeupe iwe imeingia ukingoni tu. Shaba ikionekana nje, toa ukate. Volti 111 za DC, unyevu na chumvi havitaki uchi wowote. Laza kiwiko.

Sasa vuta. Si kuvuta kwa adabu. Shika kebo, vuta kama unavyovuta ngalawa iliyokwama kwenye tope, bila kuitingisha kushoto na kulia. Ukitoka, ushukuru umetoka mbele yako.

Tundu moja, waya mmoja. Ukitaka kuunganisha zile chanya tatu upande wa kutokea, tumia kitana cha kuunganishia kilichotengenezwa kwa holda hizo, au tamino ya pembeni. Kijana wangu wa kazi aliwahi kubana waya wawili pamoja kwenye tundu moja, akaniambia, "Si umeingia, baba?" Umeingia, ndiyo. Mnene ndio ulioshikwa, mwembamba ulikuwa mgeni tu.

Hatua ya 6: Kebo ziingie kwa chini

Kila kebo na glendi yake (kizibo cha kukazia kebo inapoingia boksini) ya saizi yake, na ipinde kwanza kushuka kisha ipande kuingia, ili maji yadondokee kwenye pindo. Glendi isiyotumika izibwe. Mjusi kafiri akiingia humo, ni yeye na boksi lako.

Hatua ya 7: Pima kabla ya fyuzi

Holda zikiwa wazi, rudisha plagi za MC4, pima kila mstari. Mitatu yote isome karibu sawa, kwangu ilikuwa kati ya 104 na 107 kwa sababu paneli zilishapata moto. Ukisoma 70 na kitu, kuna paneli moja haijaingia. Ukiona alama ya kutoa mbele ya namba, mstari huo umegeuzwa. Simama hapo hapo, usiweke fyuzi, rekebisha kwanza.

Yakiwa sawa, weka fyuzi, funga milango ya holda, ndipo uwashe swichi ya DC. Kila siku mpangilio ni huo, na wakati wa kuzima unageuka: swichi kwanza, holda baadaye. Holda hizi si swichi. Ukifungua mlango wake mkondo ukiwa unapita, cheche inanyooka na haikatiki.

Hatua ya 8: Subiri saa sita mchana

Kunywa madafu, rudi jua likiwa kichwani. Kwa mita ya kukumbatia yenye uwezo wa DC, pima kila mstari: nilipata 11.8, 11.9 na 11.6. Kisha nikaelekeza kipimajoto cha miale kwenye holda zote sita. Hutafuti namba fulani, unatafuta iliyo tofauti na wenzake. Tano zilikaribiana, ya sita ilikuwa na joto la nyuzi 9 zaidi. Nikazima, nikatoa waya: unyuzi mmoja ulikuwa umejikunja nyuma wakati wa kuingiza. Nikamenya upya, ikashuka ikawa sawa na nyingine.

Nyuma ya mfuniko nikaandika kwa kalamu isiyofutika tarehe, saizi ya fyuzi na neno ZIMA SWICHI KWANZA. Nikabandika na fyuzi mbili za akiba kwa tepu. Bibi alizitaka akaziweke kabatini kwenye vikombe vya wageni, zisipotee. Nikamwomba aziache pale pale.